Usingoje santuri iruke ndipo ubadilishe sindano

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wapenzi wa santuri kuukuu kwamba sindano ya gramafoni ni nzima maadamu santuri bado inaimba. Hungoja hadi santuri ianze kuruka, au ikwame mahali pamoja na kulirudiarudia neno lile lile, ndipo wakumbuke kutafuta sindano mpya. Kwa maoni yangu, dhana hii imeangamiza santuri nyingi kuliko vumbi na watoto watundu wakijumlishwa pamoja.

Kila upande wa santuri una mfuo mmoja mwembamba uzungukao kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu. Sauti imechorwa katika kuta za mfuo huo. Ncha ya sindano, ambayo siku hizi aghalabu huwa ya almasi, haigusi sakafu ya mfuo bali huegemea kuta zake mbili. Kadiri inavyosuguliwa, pande hizo mbili za ncha hulika zikawa bapa, na kila bapa likawa na kingo kali. Tangu hapo sindano si chombo cha kusomea tena, bali ni patasi. Itaendelea kuimba, naam, lakini huku inazikwangua kuta, na kilichokwanguliwa hakirudi hata ukinunua sindano mpya kesho yake.

Basi dalili ni zipi? Hapa naomba msomaji aniruhusu nitumie taaluma yangu. Sauti zinazotangulia kuharibika ni zile tunazoziita vikwamizo, hasa s, z na sh. Mitetemo ya sauti hizi ni ya kasi mno, na michoro yake ukutani ni midogo mno. Ncha iliyokuwa bapa haiwezi kuifuata. Badala ya s safi utasikia mchakato kama wa kitunguu kilichotiwa katika mafuta ya moto. Ngoma na gitaa la besi huendelea kuvuma vizuri, na hapo ndipo mwenye santuri anapohadaika.

Sikiliza wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza. Sahani huzunguka kwa mwendo ule ule, lakini karibu na kitovu duara ni dogo, kwa hiyo urefu wa mfuo unaopita chini ya sindano kwa sekunde moja haufiki hata nusu ya ule wa ukingoni. Michoro hubanana, na ubovu hujitokeza huko kwanza. Kabla ya kutoa hukumu, isafishe sindano kwa brashi laini, kwa maana donge la vumbi huiga uchakavu barabara. Kisha jaribu santuri kadhaa usizozienzi sana. Zikikwaruza zote, shuku sindano. Ikikwaruza moja tu, santuri hiyo iliumizwa zamani.

Hata hivyo, kutegemea sikio peke yake ni kuchelewa, kwani sikio huzoea. Afadhali kuhesabu saa. Sindano ya almasi hukadiriwa kudumu saa 500 hadi 1,000. Ya yakuti hufa mapema zaidi. Anayecheza santuri moja ya dakika 40 kila siku hutimiza saa 240 na ushei kwa mwaka.

Wazee wetu, ambao mashine hiyo waliiita kinanda cha santuri, hawakuwa na taabu ya kuhesabu. Sindano zao zilikuwa za chuma, zikiuzwa katika vikopo vidogo, na kanuni ilikuwa kutumia sindano moja kwa upande mmoja kisha kuitupa. Santuri za mizunguko 78 zilitiwa unga mgumu wa mawe, nao uliinoa ncha ya chuma ilingane na mfuo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zilizotokana na safari ile zilikuwa za aina hiyo.

Nayataja hayo kwa sababu kuna taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliyonakili santuri zake za taarab ili zihifadhiwe. Nilizisikiliza nakala hizo nikitaka kujua kama mwimbaji alitamka thamani kwa th au kwa s, kama samani. Si jambo dogo kwa mtu anayechunguza matamshi ya Kiswahili cha zamani. Sikuweza kubainisha, palikuwa na mkwaruzo mtupu. Nilipouliza sindano ilibadilishwa lini, hakuna aliyejua. Na sindano hiyo ilikuwa imekwisha kupitishwa juu ya santuri zote, zikiwamo ambazo pengine hazina nakala nyingine.

Wenye kumiliki hazina kama hizo hawana budi kuwa na daftari kando ya mashine: tarehe ya kuweka sindano, santuri zilizochezwa, na jumla ya saa. Zaidi ya hayo, wawe na sindano mbili. Ile ya santuri ndefu ina ncha ya milimita 0.025 hivi, ilhali ya mizunguko 78 hukaribia mara tatu ya hiyo. Ukiitumia ndogo katika mfuo mpana itazama hadi sakafuni na kuburura uchafu, nawe utailaumu sindano kuwa imechakaa kumbe ni mpya kabisa.