Waridi la Naivasha halitaki maji peke yake

Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na jua likizama baridi huingia upesi. Ndani ya kivungulio, mvuke uliotolewa na majani mchana kutwa hukosa pa kukaa hewa inapopoa, ukageuka matone na kutua kwenye petali za waridi. Ukungu wa kijivu, yaani botraitisi, haungoji kingine. Asubuhi ua huwa na vidoa ambavyo mkulima huenda asivione, lakini mnunuzi Ulaya atavikuta vimeshaoza sandukuni.

Shamba la Oserian lilitafuta dawa chini ya ardhi. Tangu 2003 lilitumia kisima cha mvuke cha Olkaria, kilichokodishwa kutoka kampuni ya umeme ya KenGen, kupashia joto vivungulio vya hekta 50 hivi. Maji ya moto yalizungushwa mabombani usiku ili hewa ikauke. Chukua hewa ya nyuzi 12 iliyoshiba unyevu, asilimia 100, uipashe hadi nyuzi 16: unyevu wake hushuka hadi asilimia 77 hivi, na hujatoa hata tone moja nje. Hapo ukungu hupata tabu kuota.

Kisima hichohicho kilitoa kabonidioksidi, nayo ikapelekwa kwa mimea. Ukiniuliza, huo ndio ujanja wenyewe, kwa maana mambo haya mawili huvutana. Ukifungua madirisha kupunguza unyevu, gesi uliyoilipia inatoroka. Ukiyafunga ili kuihifadhi, unyevu unapanda.

Hewa ya kawaida ina takriban sehemu 420 za kabonidioksidi katika kila milioni. Kivungulio kikifungwa jua likiwa kali, mimea huweza kuimaliza hadi ikashuka chini ya 300, na ukuaji ukadorora ilhali maji na mbolea vipo. Anayelima kwa haidroponiki, yaani bila udongo, huumia zaidi, kwani udongo wenye samadi hupumua gesi hiyo, na mabomba ya plastiki hayapumui chochote. Mashamba makubwa huipandisha hadi 800 au 1,000.

Sasa wewe mwenye chumba kimoja cha letasi na taa za LED, mitungi ya gesi achana nayo kwanza. Nunua kipimaunyevu na feni. Kingo za majani machanga zikiungua rangi ya kahawia, wengi hukimbilia kuongeza kalisi kwenye tangi, na mara nyingi kalisi imejaa tele. Kalisi husafiri na maji, na jani lililozingirwa na hewa nzito iliyotulia halitoi mvuke, hivyo halivuti maji. Feni ikitikisa majani kidogo na unyevu ukikaa kati ya asilimia 50 na 70, shida hiyo hupungua. Feni hiyohiyo, dirisha likiwa wazi, huleta kabonidioksidi mpya bila malipo.

Ukija kuhitaji mtungi baadaye, fungulia taa zikiwa zimewaka tu, kwani gizani mimea haiitumii. Weka kipimo cha gesi hiyo pia: sehemu 5,000 katika kila milioni ndiyo kikomo cha kawaida kwa mtu anayefanya kazi humo kwa muda wa saa nane.

Na tafadhali, usiwashe jiko la makaa chumbani ukidhani unailisha mimea. Monoksidi ya kaboni inayotoka humo haina harufu, na inaua.