Kompyuta Moja, Walimu Wanne

Mimi mwenyewe nimepata kuonyeshwa kabati la shule lililofungwa kwa kufuli, na ndani yake kompyuta sita. Zote zilikuwa nzima. Mwalimu pekee aliyejua kuzitumia alikuwa amehamishwa mwaka uliotangulia, naye akaondoka na ujuzi wake. Hakuwa mchoyo, ni kwamba hakuna mwenzake aliyewahi kuketi naye.

Tuzungumzapo juu ya zana za kisasa za kufundishia, aghalabu twahesabu mashine. Ni nadra kuhesabu walimu wanaozitumia kwa pamoja. Huko Japani, tangu enzi ya Meiji, walimu wamekuwa na desturi iitwayo jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo. Walimu wachache huandaa somo moja kwa ushirikiano. Mmoja hulifundisha, na wenzake hukaa kando wakiwatazama wanafunzi, wala si mwalimu. Kisha hukutana, hulirekebisha, na pengine mwingine hulifundisha upya katika darasa jingine. Desturi hiyo ilijulikana sana nchini Marekani baada ya mwaka 1999, James Stigler na James Hiebert walipotoa kitabu chao The Teaching Gap.

Je, ina manufaa gani kwa kompyuta? Natuchukue mfano wa fizikia. Unganisha balbu mbili za aina moja kwa mfuatano, pamoja na betri. Waulize wanafunzi ni ipi itakayowaka zaidi. Wengi watajibu kuwa ni ya kwanza, kwa sababu "inakula" umeme kabla ya mwenzake. Kosa hili limechunguzwa katika nchi nyingi, na hata wanafunzi wa vyuo vikuu hulifanya. Ukweli ni kwamba mkondo wa umeme ni uleule mahali popote katika saketi hiyo. Kinachotumika ni nishati ya betri, ambayo hugeuka kuwa joto na mwanga. Na balbu zote mbili huwaka sawasawa.

Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado mradi wa PhET, unaotoa bure programu za kuigiza majaribio ya sayansi. Nyingi kati ya hizo zaweza kuhifadhiwa na kutumiwa pasipo intaneti. Katika programu ya saketi, mwanafunzi huunganisha betri, nyaya na balbu kwenye kioo cha kompyuta, na huona elektroni zikitembea kama vijipira vya buluu. Anaona kwa macho yake kwamba vijipira havipungui baada ya kupita balbu ya kwanza.

Hapa ndipo jicho la mwenzako linapohitajika. Mwalimu aliye mbele, akishughulika na kompyuta na projekta, hasikii minong'ono ya nyuma. Nilipoketi nyuma katika somo la namna hii, nilimsikia kijana akimwambia jirani yake kwamba taa huwaka papo hapo kwa kuwa vijipira hukimbia mno. Kumbe elektroni katika waya wa kawaida husogea polepole sana, chini ya milimita moja kwa sekunde! Taa haisubiri elektroni itoke kwenye swichi. Zote katika saketi huanza kusogea karibu wakati mmoja, kama maji katika bomba lililokwisha kujaa. Picha iliyoondoa kosa moja ilikuwa imepanda jingine. Katika kikao cha walimu wanne baada ya somo, swali juu ya mwendo huo liliongezwa, na ammita halisi ikawekwa mezani kando ya kompyuta.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni woga. Mwenzako aliyeketi nyuma na daftari hufanana mno na mkaguzi. Yafaa mkubaliane mapema kwamba kitakachoandikwa ni maneno na matendo ya wanafunzi tu. Mkuu wa shule naye hana budi kuipanga upya ratiba ili vipindi visigongane, kazi ambayo haigharimu fedha.

Shule yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia yaweza kumwalika yule wa kemia, au hata wa historia. Asiyejua saketi mara nyingi huuliza swali lilelile ambalo mwanafunzi ameogopa kuliuliza.