Kabla ya kununua bafle mpya, tuangalie kompyuta



Siku moja tulikuwa kwenye kilio. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa amefariki, na familia iliomba upigwe wimbo aliouongoza mwenyewe. Katikati ya ubeti wa kwanza, sauti ya kompyuta ikaanza kukatikakatika kama mahindi yanayokaangwa. Mjane akainamisha kichwa. Wengi wakasema bafle zimechakaa, tuanze michango. Lakini tulipochunguza, bafle zilikuwa nzima. Shida ilikuwa katika mipangilio ya kompyuta, na kuitengeneza hakukutugharimu hata franka moja.

Muziki ndani ya kompyuta ni namba. Kwenye CD, sauti imepimwa mara 44.100 kwa kila sekunde. Kompyuta inaweka kwanza namba hizo katika ghala dogo la kumbukumbu, kisha kadi ya sauti inazigeuza kuwa umeme unaokwenda kwenye bafle. Ghala likiwa tupu, hata kwa kitambo kidogo sana, sauti inakatika. Kwa hiyo tunawashauri mambo haya:

Kwanza, katika mipangilio ya umeme, chagueni ile inayotanguliza kasi, si ile ya kutunza batri. Kompyuta inayobana batri inapunguza mwendo wake.

Pili, kama programu yenu inaruhusu, ongezeni ukubwa wa lile ghala. Anayerekodi anahitaji ghala dogo ili asikie sauti yake bila kuchelewa. Lakini kwa wimbo uliokwisha kurekodiwa, kuchelewa kidogo hakudhuru kitu.

Tatu, funguni programu nyingine, zimeni intaneti, na nakilini wimbo kutoka kwenye fulashi hadi ndani ya kompyuta.

Nne, zimeni vikorombwezo vya sauti vya kompyuta, kama vile kuongeza besi. Acheni kazi hiyo ifanyike kwenye mikseri peke yake. Tena msipandishe sauti ya programu kupita asilimia 100, kwa maana itapasuka kabla haijafika kwenye bafle.

Tano, mkisikia mngurumo usiokoma, chomoeni chaja. Ukinyamaza, basi unapitia kwenye njia ya umeme. Jazeni batri mapema, mpige muziki bila chaja. Lakini msikate kamwe ule waya wa ardhi kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Waya huo unalinda uhai wa mtu anayeshika mikro.

Hata hivyo, mipangilio hairudishi kilichopotea. Wimbo uliobanwa sana ili uwe mwepesi kutumwa kwa simu umekwisha kupoteza sehemu ya sauti yake, na kuugeuza kuwa faili kubwa hakuirudishi. Kwa hiyo kila kwaya itunze rekodi yake ya kwanza mahali pawili. Walimu wetu wanaondoka, na mara nyingi rekodi hiyo ndiyo sauti pekee inayobaki.

Mwisho, jaribuni Jumamosi, kanisani, kwa bafle zilezile, wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tulifanya hivyo kabla ya ibada ya ukumbusho. Siku ile wimbo wa mwalimu ulifika mwisho, na mjane akaimba pamoja nao.