Noeli: Kuzaliwa kwa Namna Tatu

Katika kalenda ya Kanisa Katoliki, watakatifu wengi hukumbukwa siku waliyofariki, kwani ndiyo inayohesabiwa kuwa siku yao ya kuzaliwa mbinguni. Sikukuu za kuzaliwa duniani ni tatu tu: ya Yohane Mbatizaji, 24 Juni, ya Bikira Maria, 8 Septemba, na ya Bwana mwenyewe, 25 Desemba. Mbili za kwanza zipo kwa ajili ya hii ya tatu.

Kiini cha Noeli ni Umwilisho: Mungu Mwana ametwaa ubinadamu halisi, akazaliwa mtoto wa kubebwa na kunyonyeshwa. Ndiyo maana Kanuni ya Imani inapofika mahali hapo, waamini siku hiyo hupiga magoti. Dominika nyingine huinama tu.

Tangu kale Noeli ina Misa ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kuwa ya usiku inahusu kuzaliwa kwa Mwana kwa Baba tangu milele, jambo lililofichika. Ya mchana, kuzaliwa kwake Bethlehemu, kulikoonekana kwa macho. Ya alfajiri ni kuzaliwa kwake moyoni mwa mwamini. Huku ndiko kunakodai kazi, na ndiko kunakosahaulika upesi nguo mpya zikishanunuliwa. Dominika nne za Majilio, pamoja na kitubio, ni maandalizi yake.

Pango la Noeli, lililoenea baada ya Mtakatifu Fransisko kuigiza kuzaliwa kwa Bwana huko Greccio, Italia, mwaka 1223, linafundisha jambo hilohilo. Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate, na mtoto amelazwa horini, mahali pa chakula. Hori linaelekeza altareni. Bila Ekaristi, pango hubaki pambo.

Huko Ulaya, Noeli huja mchana unapoanza kurefuka, na wahubiri wa kale waliona humo mfano wa Kristo, nuru inayokua. Shangani, Mtwara, karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, ni kinyume: mchana mrefu kuliko yote umeshapita siku chache kabla, na jua la adhuhuri li karibu na utosi. Mwamini wa huku hahitaji kuazima baridi ya wengine. Nuru inayoadhimishwa haitegemei majira.

Kipindi cha Noeli hakimalizwi na pilau ya 25 Desemba. Huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Anayebomoa pango tarehe 26 amewahi mno.