Usimfiche Daktari wa Nusukaputi Dawa ya Mzio

Wakaao Mombasa, hasa katika Mji wa Kale, wanaujua sana mzio, ambao wengi huuita aleji. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa hushika unyevu wakati wa masika. Kuvu huota ukutani, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huzidi katika magodoro na mito. Ndipo mtu huamka akipiga chafya, macho yakimwasha na kifua kikimbana. Huenda dukani, akanunua vidonge, akapata nafuu.

Siku aendapo Hospitali Kuu ya Pwani, au hospitali nyingine kisiwani, ili apasuliwe, huulizwa, "Unatumia dawa gani?" Naye hujibu, "Situmii dawa yoyote." Hakusudii kusema uwongo, ila vidonge vya chafya havihesabu kuwa ni dawa. Lakini jibu hilo laweza kumletea hatari, na yafaa wasomaji wetu waelewe sababu yake.

Mtu mwenye mzio akikutana na kitu kisichopatana na mwili wake, mwili hutoa kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo iletayo mwasho na kamasi. Dawa ya kwanza ya kuizuia iligunduliwa na Daniel Bovet na Anne-Marie Staub huko Paris mwaka 1937. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari mpasuaji Mfaransa, Henri Laborit, aliyekuwa akifanya kazi Bizerte, katika nchi ya Tunisia, aliwapa wagonjwa dawa za namna hiyo kabla ya kuwapasua, akaona kwamba wanatulia. Basi tangu zamani imejulikana kwamba dawa hizi hugusa ubongo pia.

Dawa hizo si za namna moja. Zile za zamani, kama klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, na promethazini, huleta usingizi. Zikikutana na nusukaputi, usingizi waweza kuzidi na mgonjwa akachelewa kuzinduka. Wazee huathirika zaidi. Zile mpya, kama setirizini na loratadini, hazileti usingizi mwingi, na kwa kawaida madaktari huruhusu ziendelee. Vidonge vya mafua vilivyochanganywa na dawa ya kuzibua pua vyaweza kupandisha shinikizo la damu na kuuharakisha moyo, kwa hiyo mara nyingi huachwa siku ya kupasuliwa.

Lakini kuacha dawa kwa shauri lako mwenyewe ni hatari vilevile. Aliyetumia prednisoloni kwa majuma mengi, tezi zake zilizo juu ya figo huwa zimelala. Akiiacha ghafula, shinikizo la damu laweza kuanguka akiwa juu ya meza ya kupasuliwa. Na mwenye pumu asiiache nyumbani dawa yake ya kuvuta. Aje nayo hospitalini.

Wako pia wadhanio kwamba wakimeza kidonge cha mzio asubuhi hiyo, basi hakuna kitakachowadhuru. Dhana hiyo si kweli. Katika chumba cha kupasulia mtu aweza kudhurika ghafula na antibayotiki, dawa za kulegeza misuli, au glavu za mpira. Mzio mkali wa namna hiyo hubana pumzi na kushusha shinikizo la damu, na dawa ya kwanza ya kumwokoa mgonjwa ni adrenalini. Kidonge cha dukani hakitoshi. Kinga iliyo bora ni daktari kujua mapema kitu gani kilichowahi kukudhuru.

Basi mwenye kwenda kupasuliwa na afanye hivi. Atie mfukoni dawa zake zote pamoja na pakiti zake, hata habasoda na dawa za miti shamba, amwonyeshe daktari wa nusukaputi siku ya kupimwa. Aseme alimeza nini na lini. Aseme kama aliwahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa, chakula au mpira. Kisha aulize: Asubuhi hiyo nimeze ipi, na ipi niiache? Akiruhusiwa kumeza, ameze kwa maji kidogo tu kama alivyoagizwa, kwa maana tumbo litakiwalo ni tupu.

Na akiamka siku hiyo kifua kinalia, asinyamaze kwa kuogopa kurudishwa nyumbani. Ni kweli kwamba aliyetoka Lamu au Taita amelipa nauli, na ndugu zake wameacha kazi zao ili wamsindikize. Hata hivyo, kupasuliwa kukiahirishwa, siku nyingine itapatikana. Uhai ukipotea haupatikani tena. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na afichaye dawa, hata kwa kusahau tu, yu katika njia hiyo hiyo.