Leseni ya Fundi Umeme na Kufuli la Swichi Kuu

Katika ujenzi wa jengo kubwa nchini Tanzania, saiti moja hukusanya mkandarasi mkuu, wakandarasi wadogo wa umeme, mabomba na lifti, pamoja na vibarua, nao wote hutumia umeme wa muda uleule, hivyo kosa la mmoja laweza kumdhuru mwingine asiyehusika kabisa na kazi ya nyaya.

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, leseni za ufungaji wa mifumo ya umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa madaraja: daraja A huruhusu kazi za msongo wowote, ilhali daraja D huishia kwenye msongo mdogo wa njia moja, yaani umeme wa volti 230 wa nyumba za kawaida. Cheti cha VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huthibitisha mafunzo lakini si leseni, na mwenye leseni halali ya daraja D hana ruhusa ya kufunga mfumo wa njia tatu wenye volti 400. Kwa hiyo anayehakiki hulinganisha jina, daraja na tarehe ya ukomo na kazi iliyopangwa, kisha huithibitisha namba ya leseni kwa mamlaka yenyewe, kwa kuwa vishoka, yaani mafundi wasio na idhini, waweza kuja na nakala za kughushi.

Hata hivyo, leseni haimzuii mtu wa kampuni nyingine kuwasha swichi wakati fundi ameshika waya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi, na penye waajiri kadhaa wajibu huo huhitaji msimamizi mmoja anayetoa kibali cha kazi, yaani hati inayotaja sehemu iliyozimwa na aliyeizima. Fundi huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake, hutundika kibao chenye jina lake na kubaki na ufunguo. Kisha hukijaribu kipimo chake penye umeme, hupima nyaya anazokusudia kuzishika, halafu hukijaribu tena, kisije kikaonyesha kuwa hakuna umeme kumbe chenyewe kimeharibika. Jenereta nayo hufungwa, maana yaweza kurudisha umeme upande uliodhaniwa umezimwa.

Mafundi wa kampuni mbili wakifanya kazi kwenye laini moja, kila mmoja hutundika kufuli lake, na umeme haurudishwi mpaka yote mawili yaondolewe na wenyewe. Kumkabidhi mkandarasi mdogo kazi ya nyaya hakumwondolei mkandarasi mkuu wajibu wa kujua ni makufuli ya nani yaliyotundikwa.