Muda wa kuunganisha dawati hujulikana kabla ya msumari wa kwanza

FUNDI seremala wa Malindi au Kilifi anapoulizwa dawati moja litachukua muda gani, mara nyingi hutazama ukubwa wa kazi na kutaja idadi ya siku. Akikosea kwa dawati moja, hasara ni ndogo. Akikosea kwa madawati 100 ya shule, huchelewa kuyawasilisha, huwalipa vibarua kwa siku ambazo hakuzipangia, na faida yote huyeyuka.

Suala hili lilipata uzito zaidi mwaka wa 2013, serikali ya Kenya ilipoanza kutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la corona, serikali iliagiza pia madawati ya shule kutoka kwa mafundi wa mashinani. Katika zabuni za aina hii, bei na tarehe hutajwa kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. Anayekadiria vibaya hujifunga mwenyewe.

Kinachoamua muda wa kuunganisha kitu si ukubwa wake, bali idadi ya vipande na viungo vyake. Wakazi wa Pwani huliona jambo hili ufuoni. Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja, na kazi yake kubwa ni kuchonga. Ngalawa ni mtumbwi ulioongezewa ndubi za pembeni, hivyo huhitaji kufungwa na kukazwa. Mashua huundwa kwa mbao nyingi zinazopigiliwa moja baada ya nyingine kwenye mataruma. Hata mashua ikilingana na mtumbwi kwa urefu, viungo vyake ni vingi mno.

Katika miaka ya 1980, wahandisi Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst waliligeuza wazo hili kuwa hesabu, kazi iliyowapatia nishani ya taifa ya teknolojia nchini Marekani mwaka wa 1991. Kwa mujibu wa mbinu yao, kila kipande hupewa muda wa kukishika na kukigeuza, kisha muda wa kukiweka mahali pake na kukikaza. Kipande kidogo kilicho rahisi kabisa hukadiriwa kuchukua takriban sekunde 3. Muda huongezeka iwapo kipande ni kizito, kina upande mmoja tu unaofaa, hulazimu kushikiliwa kinapokazwa, au kiko mahali ambapo bisibisi haifiki kwa urahisi.

Seremala hahitaji kompyuta kutumia hesabu hii. Tuseme amepima kwa saa na kubaini kuwa kuweka ubao mmoja humchukua dakika 2, na kukaza skrubu moja dakika 1. Dawati lenye mbao 14 na skrubu 36 litahitaji dakika 64. Likichorwa upya liwe na mbao 9 na skrubu 20, litahitaji dakika 38. Kwa madawati 100, tofauti hiyo ni dakika 2,600, yaani zaidi ya siku 5 za kazi ya saa nane.

Ili kupunguza vipande, wahandisi hao walipendekeza maswali matatu. Je, kipande hiki husogea kikilinganishwa na vingine? Je, ni lazima kiwe cha mali tofauti? Je, ni lazima kitenganishwe ili vingine viweze kuunganishwa au kufunguliwa? Jibu likiwa "la" kwa yote matatu, huenda kipande hicho kikaunganishwa na jirani yake, mradi dawati lisipoteze uimara wake.

Mazoea nayo huingia katika hesabu. Mwaka wa 1936, mhandisi Mmarekani T.P. Wright alieleza kuwa katika utengenezaji wa ndege, kila idadi ilipoongezeka maradufu, wastani wa muda wa kazi kwa ndege moja ulipungua kwa takriban asilimia 20. Kwa hiyo dawati la kwanza si kipimo cha haki cha mia zote. Hata hivyo, fundi anayebadilisha mchoro kwa kila mteja hurudi mwanzo kila mara na kuikosa nafuu hiyo.

Ikumbukwe kuwa hesabu hii ni ya kuunganisha pekee. Kukata mbao, kupiga randa na kusubiri vanishi ikauke katika hewa yenye unyevu ya Pwani huhesabiwa kando.

Chombo cha lazima katika haya yote ni kitabu cha kumbukumbu. Fundi anayeandika idadi ya vipande na dakika za kila kazi, baada ya oda chache atakuwa na vipimo vya karakana yake mwenyewe, na ataweza kuikataa tarehe isiyowezekana kabla ya kutia sahihi. Wahenga walikwishaonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Muda wa fundi nao ni mali.